Punguzo la Familia

Tangu mumewe azikwe, Mallye alikuwa na safari moja tu aliyoiogopa, nayo ilikuwa ya kwenda duka la simu. Ofisi ya mtaa alikwenda bila shida. Benki alikwenda. Hata hekaluni, kwenye ngazi zile zenye barafu, alipanda na magoti yake mabovu bila kunung'unika. Lakini duka la simu alilipita kila siku akienda sokoni, akiangalia upande wa pili wa barabara kama mtu anayemkwepa mdai.

Sababu yake aliijua peke yake. Mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina la marehemu, Bae Jongdal, na ndani ya mkataba ule, pamoja na intaneti ambayo Mallye hakujua inafananaje, na televisheni ambayo alikuwa akiiwasha ili nyumba isiwe kimya, mlikuwa na simu ya mezani. Simu yenyewe ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyokaa, waya wake umenyooka kwa kuvutwa. Namba yake haikuwa imebadilika tangu migodi ya makaa ya mawe ya mji wao wa Taebaek ilipokuwa bado inatoa moshi. Mallye aliogopa kwamba siku mtu akiugusa mkataba ule, mkono utateleza na simu itakatika.

Kwa miaka kumi na moja simu hiyo haikuleta habari ya maana. Walipiga wauza bima, na wauza intaneti, na wakati wa uchaguzi ilipiga mashine kuuliza utampigia nani kura. Mallye aliipokea kila mara kabla haijalia mara ya tatu, na kila mara, aliposikia sauti ya mgeni, aliikata bila kuaga. Alikuwa anamngoja binti yake.

Ranhee alikuwa ameondoka wiki tatu kabla ya harusi yake. Sanduku la zawadi kutoka kwa kina bwana harusi lilikuwa limekwisha pokewa, kadi zimekwisha sambazwa mji mzima, nguo ya hariri ya mama imekwisha shonwa. Asubuhi moja binti akasema hamtaki yule mtu, basi. Mallye, ambaye aibu ilimpanda kichwani kuliko pombe, alisimama mlangoni akamwambia maneno ambayo majirani waliyasikia: "Usinioneshe uso wako, na usipige simu nyumba hii mpaka nife." Hakuna aliyemwambia kwamba binti huyo, kwa ukaidi, alikuwa amezaliwa na mama yake wala si na mtu mwingine. Ranhee alitii neno kwa neno.

Mallye hakumwambia mtu kwamba anangoja. Angesemaje, na maneno yalikuwa yake? Mwanawe Gyusik, fundi wa meli kule Ulsan, kila alipokuja nyumbani aliuliza simu ya mezani ya nini zama hizi, na mama alikuwa na jibu tayari, tena la kweli. "Ukiitoa bei inapanda."

Hesabu za kampuni za simu, anayezijua ni Mungu na labda mhasibu mmoja aliyefungiwa chumbani Seoul. Intaneti peke yake ina bei yake. Ukiongeza televisheni, vyote viwili vinashuka. Ukiongeza simu ya mezani vinashuka tena, hata mtu anajiuliza akiongeza na ng'ombe itakuwaje. Halafu kuna punguzo la familia: wanajumlisha miaka ambayo kila laini ya mkononi ya nyumba hiyo imekaa nao, na kadiri miaka inavyokuwa mingi na watu wanavyokuwa wengi, ndivyo bili inavyokonda. Wanaotaka kujua kama familia ni tajiri au maskini huangalia gari. Kampuni hizi huangalia kama mmekaa pamoja.

"Hama kampuni, Mama," Gyusik alimwambia kwenye simu baada ya mazishi. "Ukihama wanakupa pesa taslimu na kikaango cha umeme. Wanaokaa mahali pamoja ndio wajinga, wao ndio wanaolipia vikaango vya wenzao."

"Basi mimi na baba yako tumekuwa wajinga miaka ishirini na sita, na tulishiba."

"Nenda hata ubadilishe jina tu. Jina la marehemu haliwezi kukaa kwenye mkataba."

"Nitakwenda."

"Umesema hivyo wiki iliyopita."

Alikwenda siku ya thelathini na moja ya msiba, Alhamisi, theluji ikiwa imegeuka tope. Alibeba kwenye mfuko wa plastiki cheti cha kifo, karatasi ya familia, karatasi ya wakazi wa nyumba, na muhuri wake wa mbao wenye jina lake, ambao ndio sahihi yake, uliofungwa kwenye leso.

Kijana wa dukani aliitwa Dogyun. Alikuwa na tai nyembamba na adabu nyingi, na alimwekea Mallye kikombe cha kahawa tamu ya pakiti kabla hajaketi vizuri.

"Pole sana, Mama. Mzee Bae tulimfahamu. Alikuwa akija kulipa mkononi, hataki benki."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi sitaki kikaango. Badilisha jina, iwe langu. Na simu ya mezani usiiguse. Umenisikia? Namba ile ile, waya ule ule."

"Haiguswi, Mama. Tena ukiitoa bei—"

"Inapanda. Hilo najua."

Dogyun akacheka, akachukua karatasi, akaanza kuzisoma moja moja. Kwenye ile ya wakazi wa nyumba kidole chake kilisimama. "Na Bae Ranhee? Anaishi na wewe hapo nyumbani?"

"Yupo. Katoka kidogo."

Jibu hilo nalo lilikuwa na umri wake. Kila mwaka Bi Pyo, mkuu wa mtaa, alipita na orodha kuhakiki nani anaishi wapi, na kila mwaka Mallye alisimama mlangoni akasema yupo, katoka kidogo. Bi Pyo alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, na kila mwaka alitia alama ya ndiyo. Kwa hiyo kwa karatasi za serikali Ranhee hakuwahi kuondoka. Chumba chake kilikuwa na mitungi ya mchuzi wa maharage, lakini jina lake lilikuwa limelala palepale.

"Akiwa na laini kwetu tumwingize kwenye punguzo," Dogyun alisema. "Mtu mmoja akiongezeka ni faida kubwa."

"Hana."

Kijana akarudi kwenye kompyuta yake, akawa anabofya na kusoma kwa sauti, kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo ili mteja ajue hawachezi. Intaneti, moja. King'amuzi cha televisheni, kimoja. Simu ya mezani, moja. Simu ya mkononi ya Bi Tak Mallye. Simu ya mkononi ya Bwana Bae Jongdal. "Na simu ya mkononi ya Bwana Bae Jongdal, laini ya pili."

Mallye alikuwa akinywa kahawa. Aliishusha.

"Ipi?"

"Laini ya pili. Ina miaka saba. Hii ndiyo iliyowainua daraja, Mama. Bila hii msingefika punguzo la juu."

"Jongdal alikuwa na simu moja. Ile ya kukunja. Ninayo kwenye droo."

"Hiyo ni ya kwanza. Hii ya pili..." Dogyun akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta. "Simu yake ilibadilishwa miaka miwili iliyopita. Ya kisasa kabisa. Rangi ya waridi." Mara akaona amesema sana, akafunga mdomo.

Sasa, mume kufa ni msiba, lakini mume kufa halafu ukaambiwa ana simu ya rangi ya waridi ni jambo jingine. Mambo yaliyokuwa yamelala kichwani mwa Mallye miaka mingi yakaanza kuamka moja baada ya jingine. Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi Jongdal alipanda treni kwenda mji wa Jecheon kupimwa mapafu yake yaliyojaa vumbi la makaa, na kila mara alirudi na mfuko wa mikate ya mvuke yenye maharage mekundu, akiimba puani. Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba mapafu yake yameoza haimbi puani. Mallye alikuwa amewahi kuliona hilo, akajiambia ni mawazo ya kizee.

"Inapiga namba gani hiyo simu?"

"Mama, hilo siruhusiwi kuliona hata mimi."

"Ikate."

"Mama, ukiikata—"

"Ikate leo. Sasa."

Dogyun akageuza kioo ili naye aone, akamweleza kwa upole, polepole. Mzee amefariki, kwa hiyo laini yake itaondoka. Ikibaki hii ya pili, ikahamishiwa jina la mama, wanahesabiwa wawili na miaka inabaki. Ikiondoka, mama anabaki peke yake, na mtu peke yake hana punguzo la familia. Intaneti itapanda, televisheni itapanda, hata simu ya mezani itapanda. "Laini yenyewe ni ya bei ya chini kabisa. Ukiiacha unalipa kidogo, ukiikata unalipa zaidi. Ukipunguza unaongeza, Mama. Najua inashangaza."

"Ngoja nikuelewe. Nikimtunza hawara wa mume wangu, kampuni inanipunguzia bei?"

"Mama, mimi sijasema hawara."

"Na nikimfukuza, natozwa faini."

"Si faini. Ni punguzo kuondoka."

"Miaka arobaini na minne nimelala na yule mzee, kila usiku anakohoa kama injini ya lori, hakuna aliyenipa punguzo. Kata."

"Basi nenda ukafikirie. Njoo hata Jumatatu."

Kijana alijitahidi, haki yake apewe. Lakini hasira ikishapanda, hasara huwa iko mlangoni inavua viatu. Mallye alifungua leso, akatoa muhuri, akaugandamiza kwenye wino mwekundu na kuupiga juu ya karatasi hata kikombe kikatikisika. Saa ilikuwa tisa na nusu alasiri. Ile simu ya kukunja ya Jongdal, Mallye aliomba iachwe mpaka siku ya arobaini na tisa, roho ya marehemu itakapokuwa imeshapata njia yake. Halikuwa jambo la huruma. Mila ni mila.

"Na ya mezani?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Iko salama, Mama. Haijaguswa."

Alirudi nyumbani akiwa na raha ya ajabu, raha chungu, ya mtu aliyelipiza kisasi kwa mtu asiyemjua. Ijumaa alifua. Jumamosi alikaa karibu na simu kama Jumamosi zote, kwa sababu alikuwa amejitungia kwamba mtu anayefanya kazi, kama atapiga, atapiga Jumamosi. Saa nne asubuhi iliita. Aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa kampuni nyingine, akisema mteja mpendwa, hongera, umechaguliwa kupata intaneti na televisheni pamoja na kikaango.

"Mpikie nacho mamako," Mallye alimwambia, akakata.

Siku ya arobaini na tisa Gyusik alikuja asubuhi, wakapanda hekaluni, mtawa akasoma, wakachoma nguo moja ya marehemu nyuma ya hekalu, na mwana akapanda basi la mchana kurudi kazini. Mallye akabaki na nyumba. Akakumbuka kwamba kesho yake apeleke ile simu ya kukunja ikafungwe, akaitoa kwenye droo, akaichomeka kwenye chaja, akaketi kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini akimenya vitunguu saumu.

Simu ilipopata nguvu ilianza kulia. Ililia mlio mfupi mfupi, mfululizo, kama kifaranga, mpaka akaweka kisu chini. Simu thelathini na moja ambazo hazikupokewa. Zote za jina moja: Kampuni ya Intaneti.

Hapo alicheka kidogo, kicheko cha mjane. Jongdal alikuwa mtu pekee nchini aliyewasikiliza watu hao. Simu yake ikilia alitazama jina, akasema, "Hawa wa intaneti tena," kisha huyo anatoka uani, hata kwenye baridi ya kugandisha mate, anazungumza nao dakika ishirini. Mallye alimcheka miaka nenda rudi. "Wewe wakikuuzia kaburi utauliza lina vyumba vingapi," alimwambia, naye Jongdal akatabasamu, akajikung'uta theluji mabegani.

Alibonyeza jina hilo. Namba ilikuwa ya mkononi. Chini yake palikuwa na ujumbe mwingi, wa miezi na miezi.

Ujumbe wa kwanza alioufungua ulisema: "Umefika salama? Ile ya moto ule njiani, usiipeleke yote." Huyu hapa, Mallye alijiambia kwa ghadhabu. Huyu hapa wa mikate. Akafungua wa pili, wa Oktoba.

"Mama alikula?"

Na jibu la Jongdal, lililojaa makosa ya vidole vinene: "Alikula mitatu. Wa nne nikamnyang'anya."

Alisoma tena. Akaisoma mara ya tatu, huku akiwa ameshika kitunguu saumu mkononi bila kujua. Kisha akavuta magoti kifuani, akaendelea kusoma, na kila alichosoma kilimwingia kama maji ya baridi kwenye jino bovu. Baba, nimepata kazi nzuri kidogo, kwenye jiko la shule. Baba, koti lile linakufaa, mwambie Mama umenunua kwa bei nusu. Baba, Mama goti lake vipi. Nimeona dawa ya kuchua kwenye duka la stesheni, nitakupa, useme ni ya hospitali.

Dawa hiyo ilikuwa rafuni. Alikuwa ameisifu hospitali.

Ujumbe mmoja Jongdal alikuwa ameuwekea alama usifutike. Ulikuwa wa miaka saba nyuma, na ulikuwa mrefu kuliko yote, labda ulimchukua siku nzima kuuandika. "Simu hii niliyokupa iko kwenye kifurushi cha nyumba. Mama yako akiuliza nitamwambia ukiikata bei inapanda, ataamini maana ni kweli. Ikiwa hai ujue nyumbani mlango uko wazi. Mama yako naye anailinda ya mezani kama askari. Hasemi lakini mimi si kipofu. Mpigie."

"Alisema mpaka afe," Ranhee alijibu. "Aseme yeye kwanza."

"Yeye anangoja wewe. Mna kichwa kimoja, nimechoka na nyote wawili."

Mallye alisogea mbele, kwenye ujumbe wa mwisho mwisho, ule uliofika simu ikiwa imezimwa ndani ya droo. Baba, mbona Alhamisi hukuja? Nilikaa stesheni mpaka treni ya jioni. Baba, ni kifua? Baba, andika hata neno moja. Mwisho kabisa palikuwa na ujumbe wa Jumatano, siku moja kabla Mallye hajakwenda duka la simu na muhuri wake kwenye leso.

"Nimeamua. Jumamosi nikiwa sina zamu nitapiga ya nyumbani. Akinitukana na anitukane, nijue tu uko hai."

Baada ya hapo hapakuwa na kitu: Alhamisi saa tisa na nusu, simu iliyomwambia kwamba mlango uko wazi ilikuwa imekatwa.

Aliinuka kwa kushika ukuta. Alikwenda kwenye simu ya mezani, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakungoja iite, alipiga yeye. Sauti ya mashine ilimwambia kwa heshima kwamba namba hiyo haipo, ahakikishe apige tena. Akahakikisha. Akapiga tena. Alipiga mpaka vidole vikaanza kukosea, na kila mara mashine ilimjibu kwa heshima ile ile, haikuchoka naye.

Kesho yake alifika dukani kabla halijafunguliwa. Dogyun alimkuta amesimama nje amevaa viatu vya nyumbani.

"Irudishe," alisema. "Ile laini. Irudishe."

Dogyun alimwingiza ndani, akawasha kompyuta akiwa bado na koti. Alibofya muda mrefu. Alimpigia simu mkubwa wake, kisha mkubwa wa mkubwa wake. Laini iliyofungwa kwa cheti cha kifo haifunguki, alisema hatimaye, kwa sababu mwenyewe hayupo wa kuiomba. Namba inalala miezi kadhaa, kisha mfumo unampa mtu mwingine yeyote.

"Nipe mimi. Mimi ndiye mtu mwingine."

"Mfumo hauchagui, Mama."

"Basi niwekee vitu. Kifurushi kikubwa kuliko vyote mlicho nacho. Televisheni mbili. Nitatazama zote."

"Mama, bei yake—"

"Sijakuuliza bei, mwanangu."

Kijana akainamisha kichwa. Mallye akamtazama, na akaona kwamba hana kosa, kwamba siku ile alimsihi aende akafikirie, arudi Jumatatu. Kama angesubiri mpaka Jumatatu. Jambo hilo lilimwuma kuliko yote, kwa sababu katika kisa kizima hapakuwa na mtu wa kumlaumu ila yule aliyekuwa ndani ya viatu vyake.

"Ilikuwa ya binti yangu," alisema.

Dogyun alikwenda kumtengenezea kahawa, akaileta, na kahawa ikapoa mezani hapo hapo.

Kutoka dukani alipitia ofisi ya mtaa. Mzazi ana haki ya kuulizia anwani ya mwanawe, hilo alilijua, na karani hakumsumbua. Alichukua kitambulisho chake, akabofya, mashine ikatoa karatasi. Bae Ranhee. Anwani ya sasa: nyumba ya Mallye, mtaa wa Mallye, tangu alipozaliwa. Haijawahi kubadilika. Karani aliipiga muhuri, akamwambia asante kwa kusubiri.

Jecheon alikwenda Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo na ya mwezi uliofuata. Alikaa stesheni karibu na kibanda cha mikate ya mvuke mpaka treni ya jioni. Mwenye kibanda alimkumbuka mzee mwenye koti zuri na mwanamke aliyekuwa akija kumpokea. Huyo mwanamke alikuwa akitokea upande gani, hakujua. Watu wa stesheni hutokea pande zote. Mallye alinunua mikate mitatu, akarudi nayo nyumbani, ikakauka.

Bili mpya ilikuja siku ambayo Bi Pyo alipita na orodha yake. Mallye alikuwa ameifungua mezani. Ilikuwa kubwa kuliko ya wakati walipokuwa na simu tatu za mkononi na mzee mzima wa kuzisemea, na chini kabisa, kwenye mstari ambao zamani ulikuwa na tarakimu nyingi, kampuni ilikuwa imeandika: Punguzo la familia, mtu mmoja, hakuna.

"Dada, hujambo?" Bi Pyo alivua kiatu kimoja, akaketi ukingoni mwa sebule. Alikuwa mnene na mwema, na mwaka huo hakufanya haraka. "Baba Gyusik nimekwisha mtoa. Wewe upo. Sasa..." Aligonga orodha kwa kalamu. "Nimesikia habari, Dogyun ni mpwa wangu. Nilikuwa nawaza. Mwaka huu ukisema hayupo, ofisi inabandika tangazo kumwita. Akilisikia anakuja kusema anaishi wapi, na wewe unapata anwani."

"Na asipolisikia?"

"Asipolisikia jina linafutwa hapa nyumbani. Ndiyo sheria yao."

"Na akilisikia, ataambiwa nani kasema hayupo?"

Bi Pyo alitazama kalamu yake. "Wewe, dada. Mwenye nyumba ndiye anayesema."

Nje jirani alikuwa akikwangua barafu iliyobaki kwenye ngazi. Simu ya mezani ilikuwa mahali pake, rangi yake ya maziwa yaliyokaa, waya umenyooka, hakuna aliyeigusa. Mallye alifikiria tangazo ukutani likisema kwamba nyumba hii haina mtu wa jina hilo, na chini yake muhuri wake mwekundu, wa pili katika mwaka mmoja.

"Baba Ranhee hakuniambia," alisema. Tangu azae mtoto wa kiume hakuwahi kumwita mumewe kwa jina hilo. "Alijua nangoja, asiniambie. Nami nilingoja, nisimwambie. Tuliambiana bei tu."

"Ndiyo, dada."

"Bei inapanda, bei inashuka. Kila siku."

"Nimwandikeje, dada? Ranhee yupo?"

"Yupo," Mallye alisema. "Katoka kidogo."

Bi Pyo akatia alama, akafunga daftari, na hakuondoka mpaka wakamaliza kunywa chai.